Siku Hofu Ilipowekwa Makumbusho

Iko nchi inaitwa Raha Mustarehe. Msomaji usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani waliombwa wasiionyeshe, isije ikaonewa kijicho. Na ukiona inafanana na nchi unayoijua wewe, basi hayo ni macho yako, nenda ukayatibu. Mimi nasimulia tu kama nilivyosikia.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, uitwao Shangwe, kulikuwa na Makumbusho ya Jiji, jengo kubwa la chokaa lenye nguzo nene mbele. Nchi nyingine hupeleka makumbusho vitu vilivyopita. Raha Mustarehe, kwa kuwa ni nchi ya watu wepesi wa akili, iligundua kwamba jambo hilo laweza kufanywa kinyume: kitu kikishapelekwa makumbusho, ndipo kinapita. Sheria yenyewe ilikuwa fupi, hata mtoto aliikariri: Kilichomo Makumbusho hakipo tena nje.

Mambo yalianza na shimo. Gari la Mlezi Mkuu wa Taifa lilitumbukia katika shimo la barabarani, na Waziri wa Mambo Yaliyopita, Mheshimiwa Profesa Makeke, akaamuru shimo lile lichimbuliwe lote, na lami yake, na maji yake, na chura wake, lipelekwe makumbusho. Likapelekwa kwa lori, bendi ikipiga mbele. Pale barabarani palibaki shimo kubwa zaidi, lakini halikuwa shimo, maana mashimo yalikuwa yamekwisha, liliitwa nafasi. Waliotumbukia humo na baiskeli zao walishitakiwa kwa kuchezea mali ya makumbusho.

Likafuata sufuria tupu lenye masizi, likawekwa juu ya mto wa hariri, na njaa ikapita. Kisha kikajengwa chumba kiitwacho Giza la Mwisho, ili kukatika kwa umeme kubaki historia. Wageni walioingia humo walitoka wakipapasa ukuta, wakafika ukumbini, wakaendelea kupapasa.

Kila msimu ulikuwa na tamasha lake, na kila tamasha lilikuwa na kitu cha kuagwa. Masika, kipupwe, vuli, kiangazi, hapakupita msimu bila utepe kukatwa. Watoto wa shule walisimama juani wakiimba walichotungiwa, wageni rasmi walikula sambusa kivulini, na mwisho Waziri alinyanyua mkasi juu akasema, "Kimepita!" Umati nao ukaitikia, "Kimepita!" Aliyechelewa kuitikia aliangaliwa.

Wananchi walihimizwa mno kuyaunga mkono makumbusho yao. Gari la kipaza sauti lilipita mitaani likisema: "Ndugu wananchi, makumbusho ni yenu! Jiungeni na Marafiki wa Makumbusho! Jitoleeni kupangusa vumbi! Leteni vitu vya kale mlivyonavyo! Na kama huna kitu cha kale, tupe habari za jirani yako mwenye fikra za kale!" Kujiunga kulikuwa kwa hiari kabisa. Rafiki alipewa beji ya bati yenye picha ya shimo, akaivaa kifuani. Asiyekuwa nayo hakuadhibiwa hata kidogo. Aliulizwa tu, kwa upole, kama yeye si rafiki, basi ni nani. Ikawa mji mzima umevaa beji, na hata maiti walizikwa nazo, isije ikawa huko waendako nako kuna kuulizwa.

*

Miongoni mwa waliofanya kazi pale alikuwako Bi Siwatu, mtembeza wageni. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya lile sufuria na kusema, "Hii hapa ndiyo njaa, kama walivyokuwa nayo wazee wetu." Tumbo lake lilipoanza kunguruma chini ya kanga, alijua kupandisha sauti.

Siwatu alikuwa mwoga. Tuseme kweli, maana hata mwenyewe hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa paka mweusi na paka mweupe, aliogopa simu ikilia na akaiogopa zaidi ikinyamaza. Mama yake alimlea kwa methali moja tu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na Siwatu aliishika vizuri, ingawa kwa umri wote aliokuwa nao alikuwa bado anakingoja hicho kicheko.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Mwoga huyu akampa mume aitwaye Feruzi. Feruzi hakuwa shujaa wala mwanasiasa. Alikuwa fundi redio mwenye ugonjwa mmoja, nao ni kuuliza. Redio ikiletwa kwake imekufa, aliiuliza imekufaje, na mara nyingi redio ilimjibu. Akadhani na serikali ni vivyo hivyo.

Katika Tamasha la Masika la mwaka huo, pipa moja la maji machafu liliingizwa makumbusho kwa shangwe na mafuriko yakatangazwa kwamba yamepita. Umati ulikuwa umesimama uwanjani, maji yakiwa magotini. Hapo Feruzi akanyanyua mkono.

"Mheshimiwa, kuuliza si ujinga. Kama mafuriko yote yamo ndani ya pipa, haya tuliyosimama ndani yake ni nini?"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka, wakaacha, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kuacha alijuta sana.

"Hiyo ni kumbukumbu, ndugu yangu," Waziri alijibu bila kukasirika. "Maji nayo hukumbuka." Akatabasamu, akamuuliza jina lake, akamshukuru.

Siwatu alikuwa amesimama nyuma, pamoja na wapiga tarumbeta wa bendi. Lile tabasamu lilimwingia tumboni likakaa. Kipupwe kizima alikitumia kumsikiliza mumewe akipumua, akiogopa kila pumzi kwamba itatoka na swali.

*

Hofu ya Siwatu haikuwa ya bure. Makumbusho tayari yalikuwa na mtu ndani yake, tena hai. Ukumbi wa pili, ndani ya sanduku la kioo, alikaa kwenye kigoda Mpinzani wa Mwisho, mzee aitwaye Shangama. Siku za kwanza alipiga kelele, lakini kioo kilikuwa kinene, na wageni walidhani anaimba. Sasa alikuwa kimya. Alipewa uji asubuhi na wali jioni, na kila Jumamosi alipulizwa dawa ya nondo.

Kwa kuwa kilichomo makumbusho kimepita, Mzee Shangama kwa sheria alikuwa marehemu. Mkewe aliambiwa amwekee matanga, na wanawake wa mtaa wakaja kumlilia huku wakijua mume yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Kisha akakalishwa eda, nguo nyeupe, bila kutoka nje, bila wanja wala manukato. Alipomaliza eda alikwenda makumbusho kama mgeni mwingine. Siwatu ndiye aliyemtembeza. Ilimbidi amwonyeshe mumewe na kusema, kama alivyofundishwa, "Na huyu hapa aliishi zamani."  Siwatu alirudi nyumbani siku hiyo akalala na viatu.

Kwa hiyo alipoitwa, kama mtembeza wageni, kwenye kikao cha kupanga Tamasha la Vuli, alikaa mwisho kabisa wa meza. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe. Pembeni yake alikaa Mkurugenzi wa Makumbusho, Bwana Gharibu, mtu mpole ambaye maisha yake yote alifuata msemo wa funika kombe mwanaharamu apite, na sasa alikuwa amezungukwa na makombe yaliyofunikwa.

"Kioo kipya kimefika," alisema Waziri. "Kimoja tu, lakini safi, na kina matundu ya kupumulia usawa wa mdomo. Ndugu wajumbe, vuli hii taifa litaaga maswali. Swali ni kitu cha kale. Babu zetu waliuliza kwa sababu hawakuwa na serikali ya kuwajibu kabla. Leo majibu yamejaa, yamezidi, yanatafuta pa kuwekwa. Mtu anayeuliza leo ni sawa na mtu anayewasha moto kwa kupekecha vijiti."

Wajumbe wakapiga makofi.

"Na mtu tunaye," Waziri akaendelea. "Fundi redio wa mtaa wa Kibanduni. Anaitwa Feruzi."

Bwana Gharibu, aliyekula pilau kwenye harusi ya Siwatu na kuongezwa, alitazama dari kana kwamba anatafuta linapovuja. Siwatu alihisi damu imemwacha. Magoti yake yakaanza kugongana chini ya meza hata meza yenyewe ikatikisika na vikombe vikalia. Wajumbe wote waliitazama meza. Hakuna aliyemtazama Siwatu.

Waziri alinyoosha kiganja chake kinene, akakiweka juu ya meza, akaikandamiza mpaka ikatulia.

"Meza hii nayo ni ya kale," alisema kwa upole, na kikao kikafungwa.

*

Feruzi alikuwa barazani akitengeneza redio alipofika mkewe, ushungi umemteleza na pumzi zimemwishia.

"Ingia ndani. Feruzi, wanakutaka."

"Nani?"

"Usiulize nani!"

"Sasa nitajuaje?"

Siwatu alimvuta mkono mpaka chumbani, akamweleza yote. Feruzi alisikiliza huku vidole vyake vikitafuta skrubu ambayo alikuwa ameishika tayari. Naye alikuwa na hofu. Mtu kuuliza maswali hakumaanishi kwamba hana moyo wa nyama.

"Hicho kioo umekiona?"

"Nimekiona! Mume wangu, nitakaa eda nawe uko hai! Nitaleta watalii nikuonyeshe kwa fimbo!" Akaangua kilio, kisha akajiziba mdomo kwa kanga, maana dirisha lilikuwa wazi. "Nyamaza tu. Mpaka vuli ipite. Nakuomba, nimekupigia magoti."

"Nimejaribu, Siwatu. Wallahi nimejaribu. Juzi nimekaa kimya tangu asubuhi, likaja swali likanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Adhuhuri nikamuuliza muuza maji kwa nini anauza maji mji uliokwisha kuaga kiu."

"Basi tukimbie. Twende kwa shangazi yangu mpakani."

"Kwenye kizuizi askari atatuuliza tunakwenda wapi."

"Tutamjibu."

"Nami nitamuuliza kwa nini anataka kujua," alisema Feruzi kwa huzuni, kama mtu anayetaja maradhi ya ukoo.

Hapo kivuli kikapita dirishani. Alikuwa jirani yao Bi Mtoro, Rafiki wa Makumbusho wa daraja la juu, beji mbili kifuani.

"Hodi humo! Mimi napita tu kutafuta vitu vya kale. Mbona nimesikia kama mtu anauliza?"

"Ni redio," alisema Siwatu.

"Redio inauliza?"

"Ndiyo maana imeletwa kutengenezwa."

Bi Mtoro aliifikiria hiyo kwa muda, akaridhika, akaenda zake. Siwatu alikaa chini sakafuni. Alikuwa amemdanganya Rafiki wa daraja la juu, na bado alikuwa anapumua. Jambo hilo lilimtisha kuliko yote.

*

Asubuhi alikwenda wizarani. Hakuwa na mpango wowote ila kulia miguuni pa Waziri, kwa kuwa kulia alikujua.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa wakubwa. Kulikuwa na wakuu wa wilaya, jaji mmoja, na jenerali mwenye nishani hadi kiunoni. Wote walikaa kwenye ncha za viti. Mlango wa ndani ulipolia, wote waliruka, na jenerali aliruka juu zaidi kwa sababu ya mazoezi. Siwatu aliwatazama kwa mshangao. Umri wote alidhani ndiye mwoga peke yake katika nchi ya watu wakakamavu. Kumbe alikuwa ndugu yao.

Alipoingizwa, alimkuta Waziri amekunja uso juu ya gazeti la nchi jirani, na Bwana Gharibu amesimama kando na kikombe cha chai.

"Soma hapa, Mkurugenzi," Waziri alikuwa akisema. "Wanaandika kwamba wananchi wetu wanaishi kwa hofu. Hofu! Watu wanaocheza ngoma kila msimu! Haya, mama, nawe una nini?"

Siwatu alipiga magoti. Akafungua mdomo alie, lakini kilio hakikutoka. Kikatoka kitu kingine.

"Mheshimiwa, hofu bado haijaagwa."

 Kikombe cha Bwana Gharibu kikaanza kugongagonga sahani yake.

"Ukiweka swali makumbusho," Siwatu aliendelea, akijisikia kama anamsikiliza mtu mwingine, "hao jirani watasema tunaogopa kuulizwa. Lakini hofu ikiwa ndani ya kioo, nani atasema tena kwamba ipo nje? Itakuwa si kweli kisheria."

Waziri alisimama taratibu. Alikwenda dirishani, akaushika ukosi wa koti lake, akaanza kuhutubia mti wa uani.

"Hofu! Ndiyo hiyo iliyobaki! Mkoloni alituletea reli na hofu. Reli tumeimaliza wenyewe, kwa mikono yetu, hakuna chuma kilichobaki. Je, tushindwe na hofu? Hapana! Vuli hii Raha Mustarehe itakuwa nchi ya kwanza duniani isiyo na mwoga hata mmoja, na asiyekubali atakiona!" Akageuka. "Lakini hofu haina umbo. Mlezi Mkuu nitamwonyesha nini, hewa?"

"Mtu, Mheshimiwa. Mtu mwoga."

"Nani mwoga hapa?"

Bwana Gharibu aliweka kikombe chini, akaificha mikono nyuma. "Huu ni umri tu, Mheshimiwa," alisema, ingawa hakuulizwa.

"Mimi," alisema Siwatu.

Waziri alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu anayechagua nazi sokoni.

"Na yule fundi redio?"

"Kioo ni kimoja, Mheshimiwa. Kizuri vile, kwa nini kiharibiwe kwa fundi redio?"

"Unalipenda taifa lako, mama," alisema Waziri, na lile tabasamu la masika likarudi. "Fundi tutamwacha nyumbani kwake."

Siwatu alitoka nje, akashika ukuta, akatapika. Kisha akacheka kidogo. Alikuwa amemwokoa.

*

Alipomwambia Feruzi, Feruzi hakuuliza swali moja bali yote aliyokuwa nayo, na mwisho akauliza tu, "Kwa nini, Siwatu? Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu mimi nimezoea kuogopa. Wewe ungekufa humo kwa wiki."

Akamshika kichwa wakalia pamoja, dirisha limefungwa.

Matanga yake yaliwekwa siku moja kabla ya tamasha, maana lori la makumbusho lilikuwa na safari nyingine. Majirani walikuja na mikeka. Kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamke mwingine, Siwatu mwenyewe alipika chai ya waombolezaji na kuipitisha.

"Marehemu alikuwa mtu mwema sana," Bi Mtoro alilia kwa uchungu. "Hakuwa na makuu. Marehemu, niongezee sukari."

Siku ya Tamasha la Vuli uwanja wa makumbusho ulifurika. Bendi, kwaya, sambusa, kila kitu kilikuwepo. Sanduku la kioo lilikuwa jukwaani limefunikwa kwa bendera, Siwatu akiwa ndani kwenye kigoda. Mlezi Mkuu wa Taifa aliketi mbele kabisa. Waziri akahutubia mpaka jua likahama, akavuta bendera, akasema, "Ndugu wananchi, hii hapa ndiyo hofu!"

Watu wakatazama. Siwatu akawatazama.

Hakuwa anatetemeka. Jambo hilo yeye mwenyewe alilishangaa. Tangu mlango wa kioo ulipofungwa, moyo wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyefika nyumbani. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimeshatokea, na Feruzi alikuwa salama. Aliketi na mikono juu ya mapaja, akapumua, na kwa mara ya kwanza maishani akamtazama Mlezi Mkuu usoni. Akaona ni mzee mwenye kikope.

Mlezi Mkuu akajinyonganyonga kitini. "Profesa," alisema, "huyu mbona ananitazama?"

Waziri akatoka jasho. Jenerali akasogeza kiti nyuma. Bwana Gharibu alijipenyeza karibu na matundu ya kupumulia, uso umempauka.

"Tetemeka, dada yangu," alinong'ona. "Kwa jina la Mungu, tetemeka. Ukiwa wa bandia watamrudia mumeo. Tetemeka!"

Siwatu alijaribu. Alifikiria radi. Alifikiria paka. Hakuna kitu kilichokuja. Ndipo katikati ya umati alipouona mkono ukinyanyuka, mkono wenye kovu la kuchomwa na chuma cha kulehemu, na chini yake uso wa Feruzi, mdomo ukianza kufunguka.

Hofu ikamjia yote kwa pamoja. Ilimpanda kutoka kwenye nyayo, ikamshika magoti, meno, mabega. Alitetemeka hata kigoda kikagonga sakafu na kioo kikavuma. Akatikisa kichwa kumwambia mumewe hapana, hapana, hapana, machozi yakimwagika, na umati ukashangilia kwa nguvu kuliko ulivyowahi kushangilia njaa au mafuriko.

"Hii ndiyo hofu halisi!" alisema Mlezi Mkuu, akiketi vizuri. "Imepita!"

"Imepita!" watu wakaitikia.

Feruzi alimtazama mkewe akitikisika. Alielewa ni nini kilichomtikisa. Mkono wake ulikaa juu kidogo zaidi, kisha ukashuka, na mdomo ukafungwa.

Waziri naye alikuwa akimtazama Feruzi, wala hakuonekana kushangaa. Alimwegemea Bwana Gharibu, karibu sana na matundu, Siwatu akasikia kila neno.

"Umeona, Mkurugenzi? Niliijua meza ile inatikiswa na nani tangu kikaoni. Kioo kimoja, watu wawili."

*

Basi hofu ikapita. Kutetemeka sasa kulikuwa ni kuiba mali ya makumbusho. Wagonjwa wa malaria walikamatwa kitandani kwa kutetemeka bila kibali. Mtu mmoja alimkuta nyoka chooni, akaona ni heri abaki pale pale amechuchumaa kuliko kukimbia mbele za watu, na mazishi yake yalihudhuriwa na viongozi. Raia walipishana na mbwa wakali wakipiga mluzi. Magazeti ya Raha Mustarehe yaliandika kwamba nchi imetulia, na ni kweli, ilikuwa imetulia sana.

Katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na ruhusa ya kuogopa, naye alikuwa ndani ya kioo, ukumbi wa pili, ng'ambo ya Mzee Shangama. Watu walikuja kwa wingi kumwona. Wengine walisimama mbele yake kupita kiasi, kimya, mpaka mlinzi akawaondoa.

Feruzi alikuja siku ya Marafiki, amevaa beji. Alikuwa amekonda na shati lilikuwa halijapigwa pasi. Alisimama mbele ya kioo, mlinzi akiwa pembeni anasikiliza.

Siwatu alingoja. Alijua lazima atauliza kitu. Umekula? Baridi haikupati? Wanakupuliza dawa na wewe? Hata swali dogo la nyumbani angelipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameingia humo kwa ajili ya maswali yale.

"Redio zinaendelea vizuri," alisema Feruzi, akiangalia kibao kilichoandikwa Usiguse. "Mvua imenyesha. Bi Mtoro anasalimia."

Akanyamaza. Siwatu akaingiwa na hofu mpya, kubwa kuliko zote alizowahi kuzijua, akaona kwamba hii hakuizoea. Akasogeza mdomo kwenye matundu, yeye ambaye maishani hakuwahi kuuliza kitu mbele ya mlinzi.

"Feruzi, mbona huniulizi kitu?"

Mlinzi aligeuka. Feruzi akasimama wima, akajibu kwa sauti kavu ya mtu asiyeogopa, kama sheria inavyotaka.

"Sina la kuuliza, marehemu. Kila kitu kiko sawa."

"Safi sana," alisema mlinzi. "Raia wote wangekuwa kama wewe."

Feruzi alimshukuru. Lakini Siwatu, ambaye hofu ndicho kitu pekee alichokisomea duniani, aliuona mkono wa kulia wa mumewe ukitetemeka. Feruzi naye akauona. Akauingiza mfukoni upesi kabla mlinzi hajauona, akaushika kwa nje na ule wa pili, akatoka taratibu pamoja na wageni wengine.